Birika la Mikono Miwili

Umeå, Januari. Saa nane mchana jua limeshachoka,
mto umeganda hadi watu wanauvuka kwa miguu,
na karakanani kwetu taa zinawaka tangu asubuhi
juu ya vumbi la mbao, harufu ya solda,
na kikombe cha mtu aliyesahau kwamba ana kikombe.

Mwalimu Hjördis alitupa kazi ya mstari mmoja:
Undeni kifaa kinachomdai mtu kitu.
Hakufafanua. Alivaa koti, akaenda zake.

Sixten akaunda kiti kinachoinama ukisema uongo,
ama ndivyo alivyodai; kiliinama kwa kila mtu,
hata kwa paka.
Mimi nikaunda taa ya mezani
inayozimika usipoisemesha.
Wiki nzima niliisomea orodha ya vyakula,
maelekezo ya dawa ya kikohozi, nambari za simu,
na bado ilinizimikia
katikati ya neno viazi.

Ylva akaunda birika.
Jeupe, nene kiunoni, mikono yake miwili
kama ya mtu aliyejishika nyonga akingoja maelezo.
Mkono wa kulia ni wako, wa kushoto wa mwenzako.
Chini ya plastiki, vihisio viwili
vinatafuta joto la viganja viwili;
kikikosekana kimoja, maji hayachemki.

Kidole kimoja hakivunji chawa, sawa.
Lakini hata chai?

Majaji walilishika wawili wawili,
wakacheka kicheko cha watu waliosogezwa karibu mno.
Yule wa kiwanda cha majiko akauliza bei.
"Mtu mmoja," Ylva akajibu,
na kalamu ya jaji ikasita juu ya karatasi.

Usiku wa manane tulirudi kuchukua skafu.
Mlango wazi. Mvuke.
Ragnvald, mtunza jengo, funguo zikimning'inia kiunoni,
ameshika mkono wa kulia wa birika;
wa kushoto umeshikwa na glavu
ya ngozi, iliyovimba, imejazwa maji ya moto ya bomba,
imefungwa kifundoni kwa mpira wa bahasha.

Hakushtuka. Hakuomba radhi.
Alitupa ripoti, kama fundi kwa mafundi:
"Dakika kumi na moja. Glavu ibadilishwe maji mara moja,
kwenye dakika ya sita, la sivyo linanuna.
Kiazi cha kuchemsha nilikijaribu jana.
Kina joto, lakini hakikumbatii."

Jana!
Ylva akatoa daftari.
Nyuzijoto ngapi? Glavu ya mkono upi? Ulijaza hadi wapi?
Wakasimama pale, vichwa vimeinamiana,
mimi nikanywa chai niliyoikuta,
chungu, imekolea, chai ya mtu asiyetarajia mgeni.

Asubuhi Sixten alikuwa na dawa yake tayari:
"Weka kihisio cha mapigo ya damu. Glavu haina moyo.
Tundu litazibika kwa mistari ishirini ya programu."
Kweli. Hata kumi na mitano ingetosha.

Ylva alifungua tumbo la birika,
akazitazama nyaya zake, nyekundu, bluu,
bisibisi mkononi muda wa kuudhi.
Kisha akalifunga vilevile.
Kwenye kijitabu cha maelekezo, ukurasa wa nne,
chini ya mchoro wa watu wawili wanaotazamana,
akachora glavu. Akaandika: Njia ya pili.

Hjördis alizungushia duara ukurasa huo,
hakuandika neno pembeni. Hatujui mpaka leo
kama ilikuwa sifa au kosa.

Taa yangu ilipata alama ya kujikongoja.
Niliiacha rafuni, karibu na ndoano ya glavu.
Siku nyingine nikiwahi, saa moja kasoro,
theluji ingali kwenye viatu,
naikuta inawaka.

Sijamwuliza Ragnvald anaiambia nini.
Pengine viazi.